Gari Jipya na Baraza Lake

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili nimelitoa ofisini. Lilikuwa la mahudhurio, kurasa saba tu ndizo zilizotumika, nikazichana. Bi Bashira kanambia niandike, maana kila akiniuliza jambo la wiki iliyopita namjibu sikumbuki. Usahaulifu wa mwenye mtoto wa ziwa, anasema, na hunicheka.

Basi naanza na gari. Limekuja leo, jumuiya yetu imeletewa na wafadhili badala ya lile basi dogo lililokufa mwezi wa Ramadhani. Jeupe, refu, magurudumu yananifika karibu na kiuno, na bomba la kuvutia hewa limepanda mpaka juu ya paa ili lisizimike majini. Bwana Ridhwan, mkuu wetu, kaomba dua, tukala sambusa, watu wakalizunguka. Masika yameshaingia na njia za mashamba hazipitiki kwa gari la chini, kwa hiyo furaha ilikuwa ya kweli.

Bi Bashira alisimama na magongo yake mawili akalitazama. Akasema, "Zuri sana. Na ngazi yake mmeiacha wapi?"

Tulicheka wote. Nilipomaliza kucheka ndipo nilipoona kwamba yeye alikuwa anauliza.

Jumanne, 8 Aprili

Nieleze kazi yetu, nisije nikaisahau nayo. Bi Bashira alipata polio akiwa na miaka mitatu. Mguu wa kulia anauvalia chuma, wa kushoto humsaidia kidogo. Miaka ishirini anazunguka mashamba kwa kina mama wenye watoto walemavu, anawafundisha namna ya kuwakalisha, kuwalisha, kuwanyoosha viungo. Mimi ni msaidizi wake. Nabeba mikeka na mkoba, naandika majina, na Ulfat wangu wa miezi minane nnakwenda naye kwa kuwa bado ananyonya.

Leo tulikwenda Mangapwani, tena ndani huko, mbali na barabara, kwa mama Kurwa. Kurwa ana miaka minne. Pacha mwenziwe, Doto, anafukuza kuku uwanjani. Kurwa mwenyewe ana mtindio wa ubongo na hajaweza kukaa bila kuegemezwa. Bi Bashira anamfundisha kukaa. Anasema akishaweza kukaa, mikono itapata nafasi ya kufanya kazi nyingine, hata kula mwenyewe. Mama yake husikiliza kama aliye darasani msikitini.

Lakini nnachotaka kuandika ni asubuhi, pale ofisini Kikwajuni. Simai, dereva wetu, hana ubaya hata kidogo, mtu wa Makunduchi, mpole. Alimwita mlinzi akasema, "Haya, tumpakie Bi Bashira twende." Mmoja akamshika kwapani, mmoja miguuni. Buibui likapanda mpaka magotini, chuma kikawa nje, na saa ile wanafunzi ndio wanapita kwenda skuli. Mimi nilimbeba Ulfat, mkono wangu mtupu haukuufikia hata ule upindo niushushe.

Njia nzima aliushikilia upindo wa buibui lake. Kwa kawaida kila kijiji tukipita ana hadithi yake. Wakati wa kurudi akabebwa tena, mbele ya wakwe za mama Kurwa.

Tulipofika mjini ndipo aliponambia, taratibu, kama anayenisahihisha hesabu: "Nassra, mizigo ndiyo inayopakiwa. Mimi hupanda."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ulfat ana homa. Sikwenda kazini.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakupanda. Simai alipomsogelea aliinua gongo moja, si kwa kumtisha, kama mtu anayesimamisha gari njiani. Akasema yeye ana miaka hamsini na nne, ni mke wa mtu, na hashikwi miguu na wanaume wasio maharimu zake ilhali si mgonjwa wala maiti. Akitaka kubebwa atasema.

Bwana Ridhwan akashuka. Yeye naye si mtu mbaya. Aliongea kwa adabu, kamwamkia kwanza. Alisema yupo Suhail, kijana aliyesomea tiba ya viungo, ana stashahada, anaweza kuchukua mashamba. Bi Bashira akae ofisini awapokee wanaokuja wenyewe. "Utapumzika," akasema.

Bi Bashira akamuuliza nani kamwambia amechoka.

Wakakubaliana hivi: kamati inakaa mwisho wa Mei kupitisha ratiba mpya. Mpaka hapo akiwa ameweza kupanda gari bila kubebwa, mashamba ni yake. Asipoweza, ni ya Suhail.

Nani atakuja mwenyewe ofisini? Mama Kurwa atambebaje mtoto wa miaka minne mgongoni, katika tope lile, mpaka kwenye gari za abiria? Nilimuuliza Bi Bashira. Akasema, "Ndilo hilo nnalolifikiria tangu juzi."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeyaeleza haya kwa mume wangu nikiwa nafua nepi ukumbini. Nilimweleza kwa hasira kidogo, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Miraji ni fundi wa kuchomea vyuma bandarini hapa mtaani kwetu Malindi. Hurudi, hula, hujinyoosha kwenye mkeka, na mtoto akilia husema, "Mama Ulfat, mwanao." Kama kwamba nilikuja naye kutoka kwa wazazi wangu.

Leo aliinuka mwenyewe. Akasema mbona rahisi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Miraji anachora juu ya boksi la tende.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimelala nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 19 Aprili

Miraji kaleta winchi. Ameunda mkono wa chuma unaofungwa juu ya mlango, una mnyororo na mikanda miwili mipana. Unamfunga mtu, unavuta, anapanda juu, unamzungusha ndani. Ndivyo wanavyopakia injini za boti, alinambia, hata kikombe cha chai hakimwagiki.

Tulianza na gunia la mchanga, likapanda. Akafungwa Simai, akapanda huku anapunga mkono kama kiongozi, mlinzi akacheka mpaka akakaa chini. Kazi safi, hilo siwezi kukataa. Vyuma vimechomewa vizuri, pembe zimesuguliwa zisikate nguo.

Bi Bashira aliusogelea ule mkono. Aliushika, akasifu uchomeaji, akamshukuru Miraji na kumuombea dua. Kisha akasema hapana, mwanangu.

Nyumbani Miraji akanuna. Kibibi chako kina kiburi, ananambia. Hata mimi, niseme kweli, nilifikiri hivyo hivyo kwa saa nzima. Halafu nikajiona mimi naning'inia kwenye mnyororo, buibui langu linapepea, na watu wa Malindi wote barazani wananitazama. Nikamuuliza, "Ungekubali mkeo aning'inizwe vile?"

Alimchukua Ulfat akatoka naye ukumbini.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimeona kitu, na Miraji kakiona pia, namshukuru Mungu alikuwepo nyumbani.

Bi Bashira alikuja kumtazama Ulfat, maana ile homa ilirudi. Mvua ilimkuta uchochoroni. Nyumba yetu kizingiti chake kiko juu, na ule uchochoro unateremka, kwa hiyo baraza la nje limejengwa kwa madaraja mawili, upande mmoja chini, upande mwengine juu karibu na mlango. Nilitoka na mwavuli nimsaidie. Sikuwahi.

Alikaa baraza la chini, kwa utulivu, kama mtu anayepumzika. Akaegemeza magongo ukutani. Akakunja ngumi mbili, akazikita ubavuni mwake, akajisukuma juu kinyumenyume, na mara yuko baraza la juu. Buibui lilibaki chini ya mapaja yake, halikufunua hata kisigino. Akajisukuma tena, akawa kizingitini. Akageuka, akataka magongo yake.

Miraji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasema, "Shikamoo Bi Bashira. Umepandaje hapo?"

"Marahaba. Kwa makalio, mwanangu. Umri wangu wote hupanda hivyo. Wenye miguu hamuulizi."

Chai yake ilipoa. Alipokwisha kuondoka mgeni, Miraji alitoka kwenye mvua akakaa baraza la chini na kujisukuma kwa ngumi mpaka juu, mara tatu, jirani anamtazama. Akaingia ndani anatweta, akasema mikono ya yule bibi ina nguvu kuliko yake.

Alhamisi, 24 Aprili

Winchi limerudi bandarini. Miraji anaunda baraza.

Jumapili, 27 Aprili

Anataka kujua Bi Bashira anaweza kujiinua kiasi gani kwa mara moja. Nimempigia simu. Bi Bashira akajipima palepale na kunambia shibiri mbili, zisizidi. Nimeandika kwenye boksi la tende: shibiri mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika kabla sijazivua nguo zilizolowa.

Baraza lilikuwa tayari. Madaraja mawili, mbao juu ya chuma, yanakunjwa kwa bawaba na kujificha ubavuni mwa gari. Miraji alisema lazima yakunjwe juu kabisa, gari lisipoteze urefu wake, kwani urefu ndio unaotupitisha kwenye maji. Alikuwa na furaha, amevaa shati la Idi. Bwana Ridhwan alishuka kutazama, na Suhail pia.

Bi Bashira alikaa daraja la kwanza kwa taabu, akiruka kidogo, nikashangaa. Akakunja ngumi, akajisukuma, hakufika. Akavuta pumzi. Akajisukuma tena, na safari hii nusu ya mwili ilikuwa juu, nusu haikuwa, ubao umelowa mvua, akateleza. Alianguka ubavu kwenye tope. Nilisikia chuma cha mguu kikigonga chuma cha gari.

Tulikimbia wote. Akasema, "Msinishike. Nassra, nipe gongo." Nikampa. Akasema tumpe mgongo, na wanaume wote wakageuka, Simai, Miraji, Suhail, Bwana Ridhwan, wamesimama kwenye mvua wanatazama ukuta wa ofisi kama wanafunzi waliotiwa adabu. Mimi nikamtandazia mwavuli. Ilimchukua muda. Tope usoni, kiwiko kinamvuja damu, na alikuwa anapumua kama anayejifungua. Sikumgusa. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile la kutomgusa.

Aliposimama akasema sasa mgeuke.

Bwana Ridhwan alisema imetosha, akivunjika yeye atamjibu nini mumewe. Bi Bashira akasema kamati ni mwisho wa mwezi, leo ni tarehe tatu. Akaondoka kwa miguu mpaka barabarani.

Miraji alilifungua lile baraza akarudi nalo nyumbani, akalipima tena kila daraja kwa mkono wake. Shibiri mbili kamili. Akalisema neno lile mara mbili tatu, shibiri mbili, kisha akautazama mkono wake. Nami nikautazama. Mkono wa Miraji ni mkono wa kuli, shibiri yake ni kama sahani. Bi Bashira nna glavu zake za mvua hapa kwenye mkoba, zinanibana hata mimi.

Mimi ndiye niliyeleta lile neno. Sikuuliza shibiri ya nani.

Jumatatu, 5 Mei

Kiwiko kimeteguka. Daktari kasema wiki mbili asitumie magongo. Bi Bashira asiyetumia magongo ni Bi Bashira kitandani.

Jumatano, 7 Mei

Miraji kaenda kwake mwenyewe, sikumtuma. Alikwenda kuomba radhi. Kanisimulia akirudi: Bi Bashira alimwambia afungue kiganja, akaweka chake juu yake, vidole vyake vikaishia kwenye fundo za mwisho za Miraji. Akacheka mpaka kiwiko kikamuuma. Akasema watu ishirini na tano wa jumuiya walimpima kwa shibiri zao na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba radhi.

Kisha akaagiza fimbo ya mpera. Akakaa chini, akakunja ngumi, akaiweka fimbo ubavuni, akakata alama kwa kisu pale anapojua mwili wake hufika. Tena alama ya pili, ya mkono uliochoka, mwisho wa siku ya kazi. Akamwambia atumie hiyo ya pili.

Miraji aliiweka fimbo juu ya kabati pamoja na msahafu, Ulfat asiifikie.

Jumatatu, 12 Mei

Leo Suhail alikwenda Mangapwani. Mama Kurwa hakumfungulia. Mumewe yuko safarini baharini, na Suhail ni mwanamume. Akasimama uwanjani nusu saa, akaongea na Doto na kuku, akarudi.

Nilidhani atalalamika. Alimwendea Bwana Ridhwan, mlango uko wazi, sote tunasikia, akasema stashahada yake haiwezi kuingia kwenye nyumba zile na haitaki kuingia kwa nguvu. Bora yeye afuatane na Bi Bashira ajifunze. Nilikuwa simpendi kijana huyu kwa sababu ya jambo ambalo hata hakuliomba. Nimempelekea chai.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Maji yameingia chumbani.

Ijumaa, 16 Mei

Madaraja sasa ni matatu, mafupi. Miraji ameyafanya marefu kwa upana, yanapita mbele ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa sababu, anasema, baraza la mtu mmoja si baraza. Nami nimeshona kifuniko cha nailoni ya meza, ile ya maua, kina ukanda wa mpira. Kinafunika mbao mvua ikinyesha, kinafunuliwa mtu anapokaa. Hilo ni wazo langu. Miraji alilikagua akasema mshono mzuri, na akamuogesha Ulfat bila ya kuombwa.

Alhamisi, 22 Mei

Amepanda. Mara nne, kupanda na kushuka, juu ya saruji ya ofisi. Hupitisha magongo kwanza, kisha hukaa, kisha ngumi, daraja, daraja, daraja, kiti. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa alitukataza mapema.

Bwana Ridhwan amefurahi lakini kasema saruji si Mangapwani. Kweli.

Jumanne, 27 Mei

Tumetoka Mangapwani. Mvua tangu alfajiri, maji yalifika katikati ya magurudumu na gari likapita kama halijui. Bwana Ridhwan alikuja nasi, amekaa nyuma na mimi na Suhail, amekunja suruali.

Kushuka ilikuwa rahisi. Kupanda ndiko nilikokuogopa. Uwanja wa mama Kurwa ni mteremko wa tope jekundu, na gongo la kushoto lilizama mpaka nusu. Bi Bashira alisimama akingoja. Wakwe wote wapo ukumbini, mama Kurwa amempakata Kurwa. Alilichomoa gongo, akalisogeza, likazama tena. Mara ya tatu lilishika jiwe. Akageuka, akakaa. Baraza halikutikisika, maana Miraji hakulitegemeza chini, amelitundika kwa minyororo kwenye gari lenyewe. Ngumi. Daraja. Ngumi. Daraja. Kwenye la tatu alipumzika, akauona uso wa Bwana Ridhwan, akamwambia ameacha kufunga kifungo cha shati. Ngumi. Kiti.

Mama mkwe wa mama Kurwa, ambaye safari ile aliangalia pembeni wakati Bi Bashira anabebwa, alitoka kwenye mvua na mfuko wa mihogo akauweka miguuni pake.

Alhamisi, 29 Mei

Kamati imekaa. Mashamba ni ya Bi Bashira, Suhail atafuatana naye. Bwana Ridhwan amemuandikia Miraji barua ya shukurani yenye muhuri. Miraji ameisoma mara mbili kwa sauti na kusema jina la fundi lingewekwa la bibi, yeye alichomea tu.

Jumatatu, 2 Juni

Nnaandika kabla ya kulala mchana, macho hayafunguki. Ulfat anaota jino, usiku hatukupumzika.

Tulikuwa Chwaka. Wakati wa kuondoka, rasharasha. Bi Bashira alishapanda, ameshajifunga mkanda. Suhail na Simai walikuwa mbali wanafunga mikeka. Mimi nilikuwa na Ulfat kifuani, mkoba begani, viatu vimebeba tope la kutosha kujengea ukuta. Huwa nnapandia upande wa pili, naweka mguu juu ya ukingo, navuta mlango, najirusha. Leo mguu uliteleza. Nikarudia, ukateleza tena. Mara ya tatu sikurudia. Nilisimama tu, mvua inaniingia shingoni, na nilijua nikifungua mdomo nitalia.

Bi Bashira akaniita. "Nassra, zunguka, njoo huku."

Nikazunguka.

"Nipe mtoto." Nikampa. "Nipe na mkoba." Nikampa. "Sasa nipe mgongo. Kaa."

Nikasema nitalichafua.

"Limeundwa likaliwe."

Nikakaa. Nilitaka kuinuka upesi niingie mlango wa nyuma, lakini akanambia hapana, nikunje ngumi, nisukume, nisivute. Nikasukuma. Mikono yangu ilinishangaza, ilinibeba. Daraja la pili. "Hapo pumzika," akasema, "mimi hapo hupumzika."

Simai alikuja akatuona, akarudi kwenye mikeka yake. Juu yangu Ulfat alikuwa amenyamaza, anautafuna mkanda wa Bi Bashira. Miguu yangu ilikuwa haigusi chini, na kwa dakika zile chache hakukuwa na mtu hata mmoja aliyenisubiri niinuke.